Wadudu wa Maua ya Nyumbani: Mtambue Adui Kabla ya Kumpiga



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za wadudu waharibuo maua na mimea tuitunzayo nyumbani. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo madogo; sisi tuna viazi, mahindi na chai ya kushughulikia." Twamsihi asome mpaka mwisho, maana ataona ya kuwa kopo la ua lililo dirishani lahusiana na gunia la mbegu lililo stoo, na tena lahusiana na afya ya watoto walalao katika nyumba ile ile.

Katika nyumba nyingi za Njombe na Makambako mtaona barazani safu ya makopo, vyungu na ndoo kuukuu zenye jerenia, begonia, waridi na mshubiri, pengine na miche ya parachichi ingojayo mvua. Mama wa nyumba huimwagilia asubuhi kabla ya kwenda shambani. Kisha siku moja aona majani yamekunjamana, mengine yana madoa ya manjano, na sakafu iliyo chini ya kopo inanata. Hapo wengi hufanya haraka. Hutwaa dawa iliyobaki ya kunyunyizia viazi, huichanganya na maji kwa kukisia tu, kisha huimimina juu ya ua. Baada ya juma moja ua ni lile lile, wadudu ni wale wale, na harufu ya dawa imejaa nyumbani.

Kwa nini ua halikupona? Kwa sababu dawa nyingi zinyunyiziwazo viazi katika nchi hii ya baridi ni dawa za ukungu, yaani za kuzuia ule ugonjwa ukaushao majani ya viazi wakati wa mvua. Dawa ya ukungu haikutengenezwa kwa ajili ya kuua wadudu. Ni sawasawa na kumpa mtu aliyevunjika mguu dawa ya kikohozi. Kosa si la dawa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza kwanza ugonjwa ni upi. Basi neno letu la leo ni moja tu: mtambue adui, ndipo umpige.

Tena isidhaniwe kwamba kutunza maua ndani ya nyumba ni mambo ya kigeni yasiyotuhusu. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani katika wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul, aliona katika milima ya Usambara ua dogo la rangi ya urujuani lenye majani ya manyoya, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo limo madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, na asili yake ni milima ya Tanzania. Mungu alipomweka mtu wa kwanza bustanini alimpa kazi ya kuitunza, na kopo moja la ua ni bustani ndogo.

JINSI YA KUTAZAMA

Mtu huyatazama maua yake kwa juu, lakini wadudu hukaa kwa chini. Kwa hiyo geuzeni majani. Chukueni kopo mpaka penye mwanga mzuri wa asubuhi, mtazame upande wa chini wa jani, mtazame pembe ambapo jani limeshikamana na shina, mtazame vichipukizi vichanga, kisha mtazame udongo wenyewe. Mwenye macho yaliyopungua nguvu amwite mtoto, maana macho ya mtoto huona haraka.

Kuna mashahidi watatu wasemao kwamba wadudu wamo, ijapokuwa wenyewe hawajaonekana. Shahidi wa kwanza ni utomvu mtamu unatao juu ya majani na sakafuni; utomvu huo hutoka kwa wadudu wanaofyonza maji ya mmea. Wa pili ni weusi kama masizi juu ya majani. Huo ni ukungu uotao juu ya utomvu huo. Wa tatu ni sisimizi. Mkiona sisimizi wakipanda na kushuka katika shina, msidhani kwamba wao ndio walao ua. Sisimizi huyafuata yale maji matamu, nao huwalinda wadudu wayatoao, kama mchungaji alindavyo ng'ombe wa maziwa. Fuateni njia ya sisimizi, nanyi mtafika kwa mwizi mwenyewe.

MAADUI WENYEWE

Vidukari. Hawa ni wadogo, laini, wa kijani au weusi, nao hukusanyika katika ncha changa na matumba ya maua. Majani hukunjamana kwa ajili yao. Jike huzaa watoto walio hai bila kungoja dume, na penye joto mtoto aweza kuwa mzazi katika muda wa siku saba hata kumi. Kwa hiyo vidukari kumi mlioacha Jumapili hawatakuwa kumi Jumapili ya pili. Lakini ni dhaifu: wasugueni kwa vidole, au waosheni kwa maji yenye nguvu kidogo. Aliyeanguka chini mara nyingi hawezi kurudi.

Vidung'ata. Hawa huonekana kama vipande vya pamba au unga uliokwama katika pembe za majani. Unga huo ni nta, nayo huwakinga na maji. Kwa hiyo kunyunyizia maji matupu hakuwaumizi. Tieni pamba katika spiriti, mkamguse kila mmoja, naye nta yake itayeyuka. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na jiko na taa ya moto, kwa kuwa spiriti huwaka upesi. Kama ua ladhoofika na juu hamwoni kitu, litoeni katika kopo mwangalie mizizi, maana wako vidung'ata wakaao udongoni.

Wadudu wa magamba. Hawa huwadanganya watu wengi, kwa sababu hawafanani na wadudu. Ni vivimbe vidogo vya rangi ya kahawia katika shina au katika mshipa wa jani, wala havitembei. Jaribuni kwa ukucha: kikibanduka, na chini yake kuna unyevu, basi ni mdudu aliyejifunika ngao. Alipokuwa mchanga alitembea. Sasa ametulia anafyonza. Dawa ya kunyunyizia haimfikii vizuri chini ya ngao yake. Mbandueni kwa ukucha au kwa mswaki mkuukuu uliotiwa maji ya sabuni.

Utitiri. Huyu ana miguu minane, naye ni wa jamaa ya buibui, si mdudu halisi. Ni mdogo hata jicho lapata shida kumwona. Jani hupata vitone vingi vya manjano, kama lililochomwa kwa ncha ya sindano, baadaye hugeuka rangi ya shaba, na utando mwembamba huonekana kati ya majani. Wekeni karatasi nyeupe chini ya tawi, mlipige tawi kidogo; vumbi likianza kutembea juu ya karatasi, huyo ndiye utitiri. Hupenda mahali pakavu penye vumbi, wala hapendi unyevu. Osheni majani juu na chini, mrudie kila baada ya siku chache.

Nzi weupe. Mkitikisa ua, wadogo hawa huruka kama majivu yaliyopulizwa, kisha hurudi chini ya majani walikoacha watoto wao. Rangi ya manjano huwavuta. Pakeni kibao rangi ya manjano, kisha kipakeni grisi, mkiweke karibu na ua, watanasa wenyewe.

Vijinzi vya udongo. Hawa ni weusi, wembamba, nao hutembeatembea juu ya udongo. Watu huwapulizia dawa hewani, nao hurudi kila siku, kwa sababu watoto wao wamo katika udongo uliolowa mno. Dawa yao ni kuacha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke. Hapa adui wa kwanza ni mkono wetu wenyewe.

NJOMBE SI MAKAMBAKO

Ijapokuwa miji hii miwili ni jirani, hali zake si moja, wala maadui wake hawatoki kwa kipimo kimoja. Njombe iko juu, karibu meta 2,000 toka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake huuma. Watu huingiza maua ndani, huyabana pamoja penye giza, nao huendelea kuyamwagilia kama wakati wa joto. Lakini mmea katika baridi hunywa kidogo. Udongo hubaki umelowa, mizizi huoza, na vijinzi huzaana. Basi katika majira hayo tieni kidole udongoni kabla ya kutia maji.

Makambako iko chini zaidi, nako ni kukavu zaidi, tena kuna upepo mwingi. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba vumbi hutanda barazani, na hiyo ndiyo sikukuu ya utitiri. Mkaaji wa Makambako apanguse majani kwa kitambaa chenye unyevu kila juma.

Tena Makambako ni njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo. Abiria hushuka na zawadi ya kipandikizi cha ua kilichofungwa katika gazeti lenye maji, kutoka kwa dada au shangazi aliye mbali. Ni zawadi njema, lakini huenda ndani yake wamo wageni wasioalikwa. Kila ua jipya likae peke yake, mbali na mengine, kwa majuma mawili au matatu, likitazamwa. Likionekana safi, ndipo liingie katika jamaa.

MFANO WA KAHAWA YA KENYA

Mwaweza kuuliza, "Je, jina la mdudu lina faida gani, mradi afe?" Sikieni habari iliyotokea kwa jirani zetu. Katika miaka ya 1920 vidung'ata waliivamia kahawa ya Kenya, wakawatia wakulima hasara kubwa. Wataalamu walidhani ni wa aina iliyokwisha kujulikana katika nchi nyingine. Kwa hiyo waliwatafuta adui zake wa asili katika nchi za mbali za Asia, wakawaleta. Lakini wale walioletwa hawakufaa kitu. Wakati huo wakulima walipaka mashina ya mibuni vitu vya kunata ili kuwazuia sisimizi wasipande kuwalinda vidung'ata wao.

Mwaka 1935 mtaalamu R. H. Le Pelley alionyesha ya kuwa kidung'ata yule si yule waliyemdhani, bali ni wa aina nyingine, ambayo ilipewa jina la Kenya. Baada ya kumtambua hivyo, waliweza kuuliza kwao ni wapi, nao walielekea Uganda, nchi iliyo karibu kabisa. Huko waliwapata nyigu wadogo mno ambao hutaga mayai ndani ya vidung'ata hao. Mwaka 1938 nyigu hao waliletwa Kenya na kuachiliwa mashambani, na tauni ile ilipungua sana. Adui wa mdudu alikuwa jirani siku zote. Walakini hakupatikana mpaka mdudu alipotambuliwa sawasawa.

Tuna somo jingine hapo. Si kila mdudu aliye juu ya ua ni mwovu. Mkimwona mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, mwacheni, maana yeye na watoto wake hula vidukari. Mkiona kidukari aliyevimba, mkavu, wa rangi ya udongo, huyo ameingiliwa na nyigu mdogo, mwacheni pia. Mwenye kumwaga dawa bila kutazama huua askari wake pamoja na wezi.

DAWA, KWA UTARATIBU WAKE

Dawa ya kwanza ni mkono, na ya pili ni maji. Kateni jani lililojaa wadudu, mlichome au mlifukie, wala msilitupe chini ya ua jingine.

Dawa ya tatu ni sabuni. Kwangueni sabuni ya mche isiyo kali, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, mkiyeyushe katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Jaribuni kwanza juu ya jani moja, mkangoje siku moja. Kama jani halikuungua, nyunyizieni ua lote, hasa upande wa chini wa majani, wakati wa jioni. Msitumie sabuni ya unga ya kufulia, kwa kuwa huunguza majani. Sabuni humwua mdudu aliyeloweshwa tu, wala haiui mayai. Kwa hiyo rudieni baada ya siku tano hata saba, mara tatu. Wengi hufanya mara moja, kisha husema sabuni haifai. Si sabuni iliyoshindwa, bali saburi. Ua lenye majani ya manyoya, kama lile la Usambara, lisiloweshwe. Lipanguseni kwa brashi laini.

Dawa ya nne ni pareto, nayo ni mali ya nyanda zetu hizi, kwa kuwa hulimwa katika milima ya kusini, na kiwanda chake kipo Mafinga. Nguvu yake imo katika maua yake meupe. Humwua mdudu amgusapo, kisha huharibika upesi katika mwanga wa jua. Walakini huua nyuki na samaki pia. Kwa hiyo tumieni jioni, na msioshee vyombo vyake mtoni. Fuateni kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Mwarobaini hausitawi katika baridi yetu, lakini mafuta yake yauzwa madukani, nayo yafaa.

Wazee walitumia maji ya tumbaku. Ni kweli huua wadudu, lakini sumu yake huingia hata katika ngozi ya mtu, tena yaweza kuleta ugonjwa wa tumbaku katika nyanya. Haifai ndani ya nyumba.

Sasa twasema neno zito. Dawa za shamba zisitumiwe chumbani, wala zisihamishwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiona chupa ya soda hasomi, hunywa. Nunueni dawa iliyofungwa, yenye maandishi, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, nayo ifungiwe mbali na chakula. Ikiwa mtoto amekunywa sumu, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni hospitali, mkachukue na chupa yenyewe ili daktari aijue. Ua likifa, kipandikizi kingine chapatikana kwa jirani. Mtoto hapatikani kwa jirani.

UA NA GUNIA LA MBEGU

Tulisema mwanzoni ya kuwa kopo la ua lahusiana na gunia la mbegu. Yuko kidukari mmoja wa kijani aliyeitwa na wataalamu kwa jina la mpichi, kwa sababu hukaa katika miti hiyo. Hula pia viazi, kabichi, pilipili na maua mengi ya nyumbani. Huyu huchukua virusi vya viazi kutoka mmea mgonjwa mpaka mmea mzima, kama mtu apelekaye barua. Basi mkiweka mbegu za viazi zichipue ndani ya nyumba, na maua yenye vidukari yapo chumba cha pili, kidukari aweza kufika katika vichipukizi vile vichanga. Kama kati ya mbegu hizo imo moja yenye virusi, yeye ataueneza ugonjwa katika gunia zima, nanyi mtapanda ugonjwa kwa mikono yenu. Hakuna dawa ya kuponya kiazi chenye virusi. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo tengeni mbegu na maua. Kagueni vichipukizi vya viazi kama mnavyokagua majani ya begonia, tena kwa bidii zaidi, kwa kuwa chakula cha mwaka kimo humo.

Twashauri kila nyumba iweke siku moja ya juma, kwa mfano Jumamosi jioni, baba na mama wayatazame maua pamoja na watoto. Mmoja ageuze majani, mmoja ashike karatasi nyeupe, mmoja alete maji ya sabuni. Ni kazi ya robo saa. Watoto watajifunza kutofautisha kidukari na utitiri, na rafiki na adui. Nao watakapokuwa na mashamba yao wenyewe hawatakimbilia sumu kabla ya kutazama.

Bwana azibariki nyumba zenu, na bustani zenu, kubwa na ndogo.